Kuishi na kamera ya kropu kwa miaka mingi: mwongozo kamili

Swali ninaloulizwa sana na wapiga picha wanaoanza ni lini nitahamia fulu fremu, yaani kamera yenye kihisi (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kikubwa kuliko cha kropu yangu. Huwa najibu kwa kuwaonyesha lenzi zangu, kwa sababu fedha ya kuhamia nilishaimalizia huko. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ninayofanyia kazi ni Nikon D7200, iliyotoka mwaka 2015. Imepiga harusi, mahafali, bidhaa za dukani, na tembo wa Mikumi. Mwongozo huu unaifuata kamera hiyo, lakini mengi yatamfaa pia mwenye Canon, Sony au Fujifilm ya kihisi cha aina hiyo. Nimeuandika kwa mtu ambaye tayari anayo kamera na anataka imtumikie kwa miaka.

Hatua ya kwanza: ijue hasara yako kwa hesabu, usiikisie

Kihisi cha D7200 kina milimita 23.5 kwa 15.6. Cha fulu fremu kina 36 kwa 24. Ukizidisha utaona eneo la fulu fremu ni kama mara 2.4 ya lako. Kwa mipangilio ileile, kihisi kile kinapokea mwanga wote kwa jumla zaidi ya mara mbili, tofauti ya stopu moja na robo hivi (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Maana yake ni kwamba picha yako ya ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ina chenga, zile chembechembe za gizani, zinazokaribia za ISO 6400, au zaidi kidogo, kwenye fulu fremu ya kizazi kilekile. Canon ni ndogo kidogo zaidi, 22.3 kwa 14.9, ndiyo maana wao huzidisha urefu wa lenzi kwa 1.6 kupata mwonekano wake wa fulu fremu, wakati sisi tunazidisha kwa 1.5.

Stopu moja na robo ni hasara ya kweli, lakini inajulikana ilipo: gizani. Kwenye mwanga wa kutosha hakuna atakayekutofautisha. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000; ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata upana wa sentimita 50 bila kuivuta. Shangazi wa bwana harusi hatauliza kihisi chako kina ukubwa gani. Atauliza mbona hayumo kwenye picha ya ukoo.

Na anayekuambia kropu ni kamera ya wanafunzi, mkumbushe kwamba Nikon waliuza kamera za kikazi za kropu tupu tangu D1 ya mwaka 1999 hadi walipoitoa D3 mwaka 2007. Kwa miaka hiyo yote, mwandishi wa habari mwenye Nikon ya dijitali alikuwa na kropu shingoni, hata uwanja ukiwa wa Olimpiki.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni namba ya f, yaani ukubwa wa apacha, tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Unapozidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, usizidishe f kwenye hesabu ya mwangaza. Lenzi ya f/1.8 inabaki f/1.8, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, inabaki ileile. Kinachobadilika ni jinsi mandhari ya nyuma inavyofifia: f/1.8 yako, mtu akiwa na ukubwa uleule kwenye picha, inafifisha kama f/2.7 ya fulu fremu.

Hatua ya pili: fedha iende kwenye lenzi, tena kwa mpangilio huu

Lenzi ya kuanzia baada ya ile iliyokuja na kamera ni 35mm f/1.8 ya DX, jina la Nikon kwa kropu. Ni ndogo, ni rahisi, na kwa kropu inakuwa kama 52mm, jicho la kawaida kabisa. Ukitoka kwenye zumu ya f/5.6 kuja f/1.8 umeongeza stopu tatu na ushee. Linganisha na ile stopu moja na robo ya kuhamia fulu fremu, halafu angalia bei zake. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Ya pili ni zumu ya f/2.8 iliyotengenezwa kwa ajili ya kropu. Mimi natumia 17-50mm f/2.8 ya Sigma. Watu wengi hukimbilia 24-70mm ya fulu fremu wakisema wananunua ya baadaye. Kwenye bodi yako lenzi hiyo inakuwa 36-105mm, na siku utakapoambiwa upige picha ya familia ya watu ishirini sebuleni, mgongo wako utafika ukutani na watu wanne bado wako nje ya fremu. Nunua lenzi ya kazi uliyonayo sasa.

Ya tatu ni ya sura za watu. Hapa D7200 ina faida ambayo wauzaji wengi hawaitaji: ndani ya bodi mna mota ya fokasi. Lenzi za zamani za alama ya AF-D, kama 50mm f/1.8D na 85mm f/1.8D, zinafanya fokasi yenyewe bila shida, wakati kwenye bodi ndogo kama D3300 au D5300 unazungusha kwa mkono. Kwa kuwa wenye bodi ndogo hawazitaki, mara nyingi used zake zinapatikana kwa bei nzuri. Kabla ya kulipa, ondoa vifuniko vyote viwili, fungua apacha yote, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni fangasi. Rudisha lenzi mezani na uage. Vumbi chache ndani hazina neno.

Ukishakuwa na lenzi ya f/1.8, ipime fokasi. Laza gazeti mezani, piga kwa pembeni kwenye mshazari, lenga mstari mmoja, kamera ikiwa kwenye stendi. Ukiona mstari ulio mbele au nyuma ya uliolenga ndio uliokaza, ingia menyu ya spana, kwenye sehemu ya kurekebisha fokasi, na usogeze kati ya -20 na +20 hadi mstari wako ukae sawa. Kamera inakumbuka marekebisho ya kila aina ya lenzi.

Hatua ya tatu: panga kamera mara moja, uache kuihangaikia

Piga RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 14. Faili moja inakaribia MB 30, ndiyo, lakini kihisi hiki kina sifa moja kubwa: kwenye ISO 100 hadi 400 unaweza kuinua sehemu za giza stopu mbili, hata tatu, na picha ikabaki safi. Ukishafika ISO 3200 ruhusa hiyo imekwisha. Hapo unapaswa kuwa umepata mwangaza sahihi tangu mwanzo. Wengi wanaolalamikia chenga za kropu wamepiga picha ya giza kwa ISO ndogo, kisha wakaiinua kwenye kompyuta. Afadhali ISO 3200 iliyoangazwa vizuri kuliko ISO 1600 iliyoinuliwa.

Weka ISO ya kujiendesha, kikomo 6400. Shata ya chini kabisa usiiache kwenye hesabu za kamera: kwa watu wanaosimama weka 1/125 ya sekunde, kwa wanaocheza 1/250. Kanuni ya zamani ya kushika kwa mkono inasema shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa kropu zidisha kwanza kwa 1.5, yaani 50mm inataka angalau 1/80, na kwa megapikseli 24 mimi huongeza tena.

Hamisha fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha AE-L/AF-L kilicho kwenye kidole gumba. Kazi hiyo inafanyika kwenye menyu ya penseli. Siku ya kwanza utaiona kero, wiki ya pili hutarudi nyuma, kwa sababu unakaza fokasi mara moja kwa bibi harusi aliyeketi na kupiga mfululizo bila kamera kuanza kutafuta upya kila anayepita mbele.

D7200 ina nafasi mbili za memori kadi. Ya pili iwe ya nakala, kila picha iandikwe kote kote. Mrithi wake D7500 wa mwaka 2017 alinyang'anywa nafasi hiyo akabaki na moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutoguswa na toleo jipya.

Hatua ya nne: ukumbi wa harusi, mahali kropu inapopimwa

Sitapita haraka hapa, maana ndipo watu wanapoikatia tamaa kamera.

Ingia ukumbini kabla ya wageni, utazame juu. Kama dari ni jeupe na si refu sana, umepona: elekeza flashi juu na nyuma kidogo, f/4, shata 1/60, ISO 1600, flashi kwenye hali ya kujipima, punguza theluthi mbili za stopu. Shata ya polepole inaruhusu taa za mapambo ziingie kwenye picha, flashi inakaza watu. Lakini kumbi zetu nyingi dari limevishwa vitambaa, zambarau leo, bluu kesho. Ukigongesha flashi hapo, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, na sura za watu zinakuwa za zambarau kwa namna ambayo kompyuta haiitoi yote. Tafuta ukuta mweupe wa pembeni uugongeshee huo, au weka kisanduku laini kidogo mbele ya flashi na uielekeze moja kwa moja.

Taa za mirija hapa kwetu zinaendeshwa na umeme wa hezi 50, hivyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kihisi kinaona: picha moja ya njano, inayofuata ya kijani, ya tatu ina mstari wa giza. D7200 haina kinga ya jambo hilo kwenye picha za mnato. Dawa ni kutumia shata ya 1/50 au 1/100 unapokuwa chini ya taa hizo bila flashi. Taa za LED za MC na DJ zina tabia zake nyingine, kwa hiyo piga picha tano za majaribio ya jukwaa kabla shughuli haijaanza na uangalie kama kuna michirizi.

Halafu kuna suala la ngozi na nguo. Kamera inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, inapunguza mwangaza, na sura ya bibi harusi inazama. Suti nyeusi zikijaa, inaongeza, na sura inang'aa kama imepakwa mafuta. Kwa hiyo, shela likijaa ongeza theluthi mbili za stopu; suti zikijaa punguza hivyohivyo. Washa kwenye skrini tahadhari ya sehemu zilizoungua, yaani zilizozidiwa na mwanga. Shanga chache za shela zikipepesa, sawa. Kifua kizima cha shela kikipepesa, umezidisha. Wanaume wa kanzu nyeupe msikitini, mchana, dirisha likiwa nyuma yao, ndio mtihani mgumu kuliko wote. Pima kwa uso, kubali dirisha liungue.

Piga picha za familia kwa f/5.6, watu wa mistari mitatu wote wakae kwenye fokasi. Hapo kropu inakusaidia, maana kwa f ileile na ukubwa uleule wa watu kwenye picha, kina cha sehemu iliyokaza ni kirefu kuliko cha fulu fremu.

Hatua ya tano: mbugani, mahali kropu inapolipa

Lenzi ya 200-500mm f/5.6 kwenye D7200 inaona kama 750mm, na megapikseli zote 24 zinabaki juu ya mnyama. Mwenye D750, fulu fremu ya megapikseli 24 pia, akikata picha yake ifanane na yako anabakiwa na kama megapikseli 10. Ili akukaribie anahitaji D850 ya megapikseli 45.7, ambayo akikata anapata 19. Kwa hiyo kwa ndege na wanyama wa mbali, wewe ndiye mwenye kifaa.

Lenzi hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kwenye gari stendi haina nafasi. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze maharage kiasi cha robo tatu, uulaze kwenye ukingo wa dirisha au wa paa lililofunguliwa, lenzi ilale juu yake. Mwombe dereva azime injini, si apunguze tu, kwa sababu mtetemo wa injini ya dizeli unafika hadi kwenye pikseli. Mnyama akitembea 1/1000, heroe wakiruka 1/2000, apacha f/5.6 hadi f/8. Usipite f/11 bila sababu: pikseli za kihisi hiki ni ndogo, na kuanzia hapo ukali unaanza kushuka.

Ukishafika saa tano za asubuhi, weka kamera chini ule. Joto linalopanda kutoka ardhini linatikisa hewa, na simba aliye mita mia mbili hatakaza hata ukiwa na lenzi ya bei ya gari. Hilo si kosa la kihisi.

Hatua ya sita: unyevu, chumvi na vumbi

Kamera za pwani haziuliwi na kazi, zinauliwa na kabati. Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi miezi mitatu inaota fangasi. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba mdomoni, weka silika geli ya kutosha na kipima unyevu kidogo, na uishikilie kati ya asilimia 40 na 50. Silika geli inayobadili rangi ni bora, maana inakuambia yenyewe ikishiba; ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo uirudishe. Mchele usitumie, unaleta unga. Na lenzi yenye fangasi isikae sanduku moja na nzima.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Ukiitoa papo hapo, kioo kinafunikwa na mvuke, na ukibadili lenzi wakati huo mvuke unaingia ndani. Baada ya kazi ya ufukweni, futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Mpira wa mshikio, hasa upande wa kidole gumba, hulegea kadiri miaka inavyokwenda kwa jasho. Gundi ya papo kwa papo usiiguse. Utepe wa gundi pande mbili unatosha.

Hatua ya saba: kusafisha kihisi mwenyewe

Watu wanaliogopa hili kuliko inavyostahili. Kwanza hakikisha kuna uchafu: weka f/16, ISO 100, lenga ukuta mweupe au anga, fokasi ikiwa imepotea makusudi, piga huku ukiisogeza kamera kidogo. Madoa ya kijivu yasiyohama picha hadi picha yako kwenye kihisi.

Funga madirisha, zima feni, ngoja dakika kadhaa vumbi litulie. Betri iwe imejaa. Ingia menyu ya spana, chagua kuinua kioo kwa ajili ya usafi, bonyeza kitufe cha kupigia. Kioo kitapanda na kubaki juu. Geuza kamera mdomo uangalie chini, pulizia kwa kipulizia cha mpira mara kumi hivi, bila kuingiza ncha yake ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika. Usitumie kopo la hewa ya kubana, linaweza kurusha kimiminika. Zima kamera, kioo kitashuka, piga tena picha ya majaribio. Mara nyingi kazi imeishia hapo.

Doa likibaki, inua kioo tena; linataka kifutio cha majimaji. Kwa kropu nunua chenye upana wa milimita 16. Cha fulu fremu hakitaingia vizuri. Matone mawili ya dawa yake, ngoja sekunde chache yasambae, pitisha mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, geuza upande, rudi mara moja, tupa. Kumbuka picha inatua kwenye kihisi ikiwa imepinduka: doa lililo juu kushoto kwenye picha, ukiitazama kamera kwa mbele, liko chini kushoto.

Hatua ya nane: kujua umri wa shata, na lini uhame

Shata ya D7200 imejaribiwa kiwandani kwa mipigo 150,000. Hiyo si tarehe ya kufa. Nyingine hupita, nyingine hukatika mapema. Idadi ya mipigo imeandikwa ndani ya kila faili, na programu ya bure ya ExifTool inaisoma. Ukinunua used, mwambie muuzaji apige picha moja mbele yako uichukue kwenye kadi yako, usome mwenyewe. Kisha jaribu vitufe vyote, nafasi zote mbili za kadi, na mlango wa betri. Betri ya EN-EL15 ya bandia ina kawaida ya kuonyesha imejaa kisha kuzima ghafla. Nunua halisi, hata moja tu, na iwe ndiyo ya shughuli.

Kuhama kuna maana ukiona kazi zako nyingi za malipo ni za usiku, tayari una lenzi za f/1.8 na flashi unayoijua, na bado unagonga ISO 6400 kila Jumamosi. Ukifika huko, fanya hesabu ya lenzi kabla ya bodi. Kamera za Nikon Z zinapokea lenzi zako kwa adapta ya FTZ, lakini adapta hiyo haina mota, hivyo zile AF-D zitakuwa za kuzungusha kwa mkono. Na lenzi ya DX kwenye fulu fremu ya megapikseli 24 inakurudisha kwenye megapikseli 10.

D7200 yenyewe usiiuze kwa bei ya kutupa. Ifunge 85mm, iwe bodi ya pili ukumbini, na ukienda mbugani iwe ya kwanza.